Jino la Kupandikiza: Usitoe Pesa za Chama Kabla Hujasikia Haya

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo usogee karibu na redio, maana mada ya leo inagusa kinywa na vilevile inagusa mfuko.

Tuanze na mfano. Tuseme wewe ni mama wa miaka 34. Miaka miwili iliyopita ulianguka na bodaboda, jino la mbele la juu likavunjika hadi ndani ya ufizi, na mwishowe likang'olewa. Tangu siku hiyo umejifunza kucheka huku umeziba mdomo kwa kiganja. Kanisani huimbi kama zamani. Katika picha za harusi ya dada yako umesimama nyuma ya watu. Sasa zamu yako ya chama imefika, umepokea shilingi 60,000, na jirani amekunong'oneza kwamba kuna mtu mtaani anayepandikiza jino la skrubu kwa siku moja tu, mradi umlipe zote leo kabla bei haijapanda. Je, utafanya nini?

Jibu langu la kwanza ni fupi: leo usimpe pesa. Pengo ambalo limekaa miaka miwili linaweza kungoja wiki mbili zaidi uulize maswali. Jibu la pili ni refu kidogo, na ndilo mazungumzo yetu ya leo.

Kwanza niseme wazi kwamba kutaka kuziba pengo si majivuno. Watu wengine humcheka mama wa watoto wanne anayetaka jino la mbele, wakimwambia kwani anataka kuolewa upya. Wasikuvunje moyo. Mtu anayeona haya kufungua kinywa hali vizuri mbele za watu, haongei kwa uhuru, na hata biashara yake huumia. Aidha, pengo lina mambo yake mengine yasiyoonekana kwenye kioo. Jino lililo kando ya pengo huanza kuinama taratibu kuelekea mahali penye nafasi. Jino linalolikabili kutoka taya la pili, kwa kukosa mwenzake wa kugongana naye, huweza kushuka au kupanda. Chakula hunasa katika nafasi hizo mpya, na meno yaliyokuwa mazima huanza kuoza.

Halafu kuna mfupa wenyewe. Mfupa wa taya huishi kwa kazi. Jino linapotafuna, mzizi wake husukuma mfupa kidogo kila mara, na mfupa hubaki na nguvu. Jino likitoka, mfupa wa pale huanza kusinyaa kama kiatu kisichovaliwa. Katika mwaka wa kwanza baada ya kung'olewa jino, upana wa mfupa huo huweza kupungua kwa karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya kwanza. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Lakini pia si kila pengo ni lazima lizibwe. Gego la mwisho kabisa likikosekana, watu wengi hutafuna vizuri tu kwa yaliyobaki. Gego la ukubwani likitolewa, hakuna haja ya kuweka lingine. Ukisikia mtu anataka kukujazia kila nafasi kinywani bila kukueleza sababu, muulize sababu.

Sasa, njia za kuziba pengo ziko tatu. Ya kwanza ni meno ya bandia ya kutoa na kuvaa. Daktari huchukua kipimo cha kinywa kwa kitu laini kama unga uliokandwa, fundi wa maabara akatengeneza jino la plastiki ngumu lenye kishikizo kinachokaa kwenye kaakaa au kwenye ufizi. Hii ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote, haikati jino lolote, na inafaa hata mtu aliyekosa meno mengi. Ubaya wake ni kwamba hucheza kidogo, huhitaji kuzoewa, na haizuii mfupa kusinyaa, kwa hivyo baada ya miaka kadhaa hulegea na kuhitaji kurekebishwa. Ukiwa nayo, itoe usiku, isugue kwa brashi na sabuni ya kawaida, uiweke ndani ya maji safi. Usiimwagie maji ya moto, itapinda.

Njia ya pili ni daraja. Meno mawili yanayopakana na pengo hupunguzwa kwa kukwanguliwa pande zote, kisha meno matatu yaliyounganishwa huvishwa juu yake, la katikati likiwa limening'inia juu ya pengo. Daraja halitolewi, na hukamilika kwa muda mfupi. Tatizo ni kwamba unakwangua meno mawili ili kupata moja. Kama meno hayo tayari yana mashimo makubwa yaliyozibwa, hiyo si hasara. Kama ni mazima, fikiria mara mbili, kwa sababu sehemu ya jino iliyokwanguliwa haioti tena.

Njia ya tatu ndiyo hii inayonong'onwa mtaani, kipandikizi. Wengine huita implanti. Tuielewe vizuri, kwa sababu watu wengi hudhani daktari anapanda jino kama mche, halafu linaota. Hapana. Kipandikizi ni skrubu ndogo, urefu wake mara nyingi ni kama sentimita moja, iliyotengenezwa kwa titani, metali nyepesi isiyoshika kutu. Skrubu hiyo huwekwa ndani ya mfupa wa taya na kuchukua nafasi ya mzizi. Juu yake hufungwa kiungo kidogo, na juu ya kiungo hicho ndipo hukaa jino lenyewe, ambalo huitwa kofia. Ajabu yote iko kwenye mfupa: hukua na kuishikilia skrubu mpaka vikawa kama kitu kimoja.

Jambo hili liligunduliwa karibu kwa bahati. Mwaka wa 1952 daktari mmoja wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza jinsi damu inavyopita ndani ya mifupa ya sungura. Alikuwa ameingiza kifaa kidogo cha titani kwenye mfupa wa mguu. Utafiti ulipokwisha akataka kukitoa kifaa chake akitumie tena, kikagoma. Mfupa ulikuwa umekikumbatia. Mwaka wa 1965 alimwekea vipandikizi mtu wa kwanza, Gösta Larsson, mwanamume aliyezaliwa na kasoro ya taya na aliyekuwa hawezi kutafuna vizuri. Larsson alifariki mwaka wa 2006, na skrubu zake zilikuwa zingali kinywani, zaidi ya miaka 40. Hata hivyo madaktari wengi walimbeza Brånemark kwa miaka mingi. Ni baada ya mkutano wa Toronto, Kanada, mwaka wa 1982 ndipo kazi yake ilipokubaliwa kwa upana. Nakusimulia haya ili ujue kwamba njia hii haikuzuka jana, wala si uchawi wa matangazo. Imejaribiwa. Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba kati ya vipandikizi 100 vilivyowekwa vizuri, zaidi ya 90 bado viko mahali pake baada ya miaka 10.

Neno lenye uzito hapo ni "vizuri". Hebu tufuate safari yenyewe.

Siku ya kwanza hakuna skrubu. Daktari anakuuliza magonjwa uliyo nayo na dawa unazotumia, anakagua fizi, anakupiga picha ya eksirei. Picha hiyo ndiyo inayoonyesha urefu na upana wa mfupa uliobaki, na mahali mishipa inapopita. Ndani ya taya la chini kuna mshipa mkubwa wa fahamu unaoleta hisia mdomoni na kidevuni. Skrubu ikiugusa, mdomo unaweza kufa ganzi kwa miezi, au daima. Katika taya la juu, upande wa magego, kuna uwazi wenye hewa karibu na pua, na skrubu inaweza kuutoboa. Mtu anayetaka kukuwekea kipandikizi bila kukupiga picha anatoboa gizani. Simama uondoke.

Kama fizi zako zinavuja damu na zimejaa ukoga mgumu, hizo hutibiwa kwanza. Kama mfupa ni mwembamba, daktari anaweza kushauri kuongeza mfupa, na hiyo huongeza miezi kadhaa na gharama. Ndiyo maana nilikuambia ukumbuke habari ya mfupa kusinyaa. Jino likiwa linatakiwa kung'olewa na unadhani siku moja ungependa kulirudisha, muulize daktari siku ileile, kabla ya kung'oa, pengo hilo litazibwa vipi na lini. Swali hilo halilipiwi.

Siku ya kuweka skrubu, unachomwa sindano ya ganzi, ileile ya kung'olea jino. Ufizi hufunguliwa, tundu hutobolewa pole pole huku maji yakimwagwa ili mfupa usiungue, skrubu ikakazwa ndani. Kwa jino moja kazi hiyo huwa haifiki nusu siku. Wengi husema kung'olewa gego kuliwauma zaidi. Jioni kuna maumivu na uvimbe, na siku chache baadaye hupungua. Kwa siku hizo kula uji, viazi vilivyopondwa, ndengu laini na ugali mwororo na mchuzi, ukitafunia upande wa pili. Mahindi ya kuchoma, miwa na nyama choma vitangoja. Usisukutue kinywa kwa nguvu siku ya kwanza. Kuanzia siku ya pili tumia maji ya vuguvugu yenye chumvi.

Halafu ni kungoja. Miezi 3 hadi 6, mfupa ukifanya kazi yake bila kelele. Taya la chini kwa kawaida huwahi kuliko la juu. Baada ya hapo ndipo kiungo na kofia hufungwa. Kwa hivyo ukiambiwa "siku moja tu", uelewe hivi: kuna watu ambao daktari huweza kuwavisha jino la muda siku hiyohiyo ili wasikae na pengo, lakini hata hao mfupa wao utahitaji miezi ileile. Hakuna pesa ya kuuharakisha.

Nani angoje? Mama mjamzito angoje mpaka ajifungue. Si kwamba skrubu itamdhuru mtoto moja kwa moja, ila hii si kazi ya dharura, na hakuna sababu ya kumwongezea mjamzito upasuaji, picha na dawa. Lakini tafadhali usichanganye mambo. Jino linalouma wakati wa ujauzito halingoji. Nenda kliniki, sema una mimba ya miezi mingapi, utatibiwa. Miezi ya katikati ndiyo rahisi zaidi kwako kukaa kwenye kiti. Na ile habari ya kwamba kila mtoto huondoka na jino moja la mama yake, hiyo tuiache. Mtoto aliye tumboni hanyonyi madini kutoka kwenye meno yako. Kinachotokea ni kwamba homoni za ujauzito hufanya fizi zivimbe na kuvuja damu haraka, kutapika kunaleta asidi kinywani, na mama mwenye kichefuchefu huogopa kupiga mswaki. Ukitapika, sukutua kwa maji kwanza, ungoje kama nusu saa ndipo upige mswaki. Mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi utakuokolea meno mengi kuliko kipandikizi chochote.

Mwenye kisukari kilichopanda angoje mpaka sukari itulie, kwa sababu kidonda hakitapona vizuri na mfupa hautashika. Mvutaji sigara aambiwe ukweli kwamba skrubu yake ina hatari kubwa zaidi ya kushindwa. Mtu aliyechomwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni, au anayepata dawa za kuimarisha mifupa, sindano au vidonge, ni lazima amwambie daktari mapema. Na mama anayeishi na virusi vya UKIMWI, anayetumia ARV vizuri na afya yake iko imara, hali hiyo peke yake haimzuii kupata kipandikizi. Asimfiche daktari, na daktari asimfukuze.

Sasa watoto. Hapa nawaomba msikilize kwa makini, kwa sababu kuna wazazi wenye uwezo wanaotaka kumwekea kijana wa miaka 12 jino la kupandikiza baada ya kuangushwa uwanjani. Haifai. Taya la mtoto bado linakua, na meno yake husonga pamoja na taya. Skrubu haisongi. Imeshikwa na mfupa palepale ilipowekwa. Baada ya miaka michache, meno ya kando yatakuwa yameshuka na lile la skrubu limebaki juu, kama mtoto mfupi aliyesimama katikati ya warefu. Madaktari hungoja mpaka ukuaji wa taya utulie, mara nyingi miaka 17 au 18 kwa wasichana, na wavulana huchelewa zaidi. Kwa sasa mtoto hupewa jino la bandia la kuvaa, ambalo hubadilishwa anavyokua. Na ukiona gego la utotoni linaoza, usiseme litatoka tu. Likitoka mapema mno, nafasi ya jino la ukubwani hufungwa. Muulize daktari kama kuna haja ya kifaa cha kushikilia nafasi.

Na kwa kuwa tumetaja uwanja wa mpira, nikupe jambo moja ambalo lingeondoa haja ya kipandikizi kabisa. Jino la mbele la ukubwani likitoka zima, pamoja na mzizi, usilitupe juu ya paa. Litafute. Lishike kwa upande mweupe, usiguse mzizi. Kama lina mchanga, lisuuze kwa haraka kwa maziwa au maji safi, usilisugue. Lirudishe kwenye tundu lake likiangalia mbele, mtoto aumie kitambaa safi, mkimbie kwa daktari wa meno. Kama mtoto anakataa au unaogopa, litie ndani ya kikombe cha maziwa baridi. Kila dakika ina thamani; nusu saa ya kwanza ni bora, na baada ya saa moja matumaini hupungua sana. Lakini hilo ni kwa jino la ukubwani. La utotoni usilirudishe, utaumiza linalokuja chini yake.

Kuna jambo jingine la watoto ambalo halisemwi sana redioni. Katika jamii kadhaa za Afrika Mashariki, mtoto mchanga akiharisha na kuwa na homa, wazee hutazama fizi zake, wakaona uvimbe mweupe mahali pa chonge, wakasema ni meno mabaya, wengine huyaita meno ya nailoni au ya plastiki, na kuyachimbua kwa chuma kilichochongwa. Uvimbe ule ni jino la kawaida ambalo bado halijaota. Ugonjwa uliokuwa ukimsumbua mtoto ulikuwa kuhara, malaria au kifua, na sasa ameongezewa kidonda kinywani na damu inayomtoka. Wapo watoto waliokufa kwa ajili hiyo. Wanaopona wengi hukua bila chonge, au chonge ya ukubwani huota imepinda, na hao ndio unaowakuta wakiwa vijana wanauliza bei ya vipandikizi. Mtoto anayeharisha apelekwe zahanati, apewe maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa au yale ya pakiti, na aendelee kunyonya.

Zipo pia mila za kung'oa meno ya mbele ya chini. Wajaluo walikuwa waking'oa sita, Wamaasai mawili. Wazee hutoa sababu ya kwamba mtu akishikwa na pepopunda na mataya yakikaza, aweze kunyweshwa kwenye pengo. Leo chanjo ya pepopunda ipo kliniki kwa kila mjamzito na kila mtoto, kwa hivyo sababu hiyo imekwisha. Walio na pengo hilo na wamelizoea, hawana ugonjwa wowote, waachwe kwa amani. Wanaotaka kurudisha meno, wajue kwamba mfupa uliokaa bila meno tangu utotoni mara nyingi ni mwembamba sana pale mbele. Picha ipigwe kwanza kabla ya ahadi yoyote.

Na ninyi wa Nakuru, Naivasha na sehemu nyingine za Bonde la Ufa ambako maji ya visima yana floraidi nyingi: rangi ya kahawia kwenye meno si sababu ya kuyang'oa uwekewe vipandikizi. Jino la kahawia lenye mzizi imara ni mali. Kuna njia za kulipaka au kulifunika kwa mbele. Kung'oa jino zima ili uweke la kununua, kwa maoni yangu, ni kuuza shamba ununue kitunguu.

Tuje sasa kwenye pesa na matapeli. Kipandikizi kimoja, pamoja na picha, skrubu, kiungo na kofia, katika kliniki nyingi za kibinafsi hupita shilingi 100,000. Kwa hivyo bei ya chini mno iulize ina nini ndani yake. Mara nyingi unayotajiwa ni ya skrubu peke yake, na baada ya miezi 4 unaambiwa kofia ina bei yake. Omba orodha ya gharama zote kwa maandishi. Kama una bima, waulize kabla, kwa sababu bima nyingi hulipia kung'oa na kuziba lakini hazilipii kipandikizi.

Na mtu mwenyewe ni nani? Kuna daktari wa meno, aliyesomea chuo kikuu. Kuna afisa wa afya ya kinywa, ambaye hufanya kazi nzuri vituoni, kung'oa, kusafisha na kufundisha. Kuna fundi wa maabara anayetengeneza meno ya bandia kwa vipimo alivyoletewa na daktari. Wote wanahitajika, ila skrubu ndani ya mfupa ni kazi ya daktari wa meno, tena aliyepata mafunzo ya kazi hiyo. Daktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC, na leseni yake hufanywa upya kila mwaka. Cheti kiwe ukutani, kina jina lake na mwaka huu. Jina hilo pia linaweza kutafutwa kwenye tovuti ya baraza. Kijana wako mwenye simu anaweza kukufanyia. Muulize ni vipandikizi vingapi amewahi kuweka, na itakuwaje kisiposhika. Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali hayo. Usichukue kazi hii nyumbani kwa mtu, wala kwenye chumba nyuma ya saluni, ambako vifaa havichemshwi kwa mashine na unaweza kuambukizwa homa ya ini au virusi.

Ukishakipata, kipandikizi hakiozi, kwa sababu metali haina kuoza. Watu husikia hivyo wakaacha mswaki. Ufizi na mfupa unaokizunguka huugua kama kawaida, na hatari yake ni ukimya. Jino la asili lina utando wenye hisia kati ya mzizi na mfupa, ndiyo maana huuma mapema. Skrubu haina utando huo. Mfupa unaweza kuliwa kidogo kidogo bila wewe kusikia lolote mpaka siku skrubu inapoanza kucheza. Piga mswaki pande zote, pitisha uzi wa meno chini ya kofia kila siku, na umwone daktari angalau mara moja kwa mwaka hata kama hakuna kinachouma. Ukiona usaha, damu kwenye ufizi, uvimbe, ladha mbaya isiyoisha, au kofia inacheza, rudi haraka. Na baada ya upasuaji, kama maumivu yanazidi badala ya kupungua baada ya siku 3, au una homa, au mdomo bado umekufa ganzi siku iliyofuata, usingoje tarehe ya miadi.

Sasa turudi kwako, mama wa miaka 34 mwenye shilingi 60,000 za chama. Nenda hospitali ya kaunti yako yenye idara ya meno, au kama uko Nairobi, hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako wanafunzi hufanya kazi chini ya macho ya walimu wao. Lipia ukaguzi na picha. Fizi zisafishwe. Kwa karibu kila mtu mwenye pengo moja la mbele, jino la bandia la kuvaa linawezekana kwa sehemu ndogo tu ya pesa hizo, na utaimba kanisani kabla ya mwezi kwisha. Ukitaka kipandikizi, utakuwa umejua mfupa wako ukoje na gharama kamili ni ngapi, na zamu yako ya chama itakayofuata itakuwa na mpango. Zinazobaki zina kazi, karo ya muhula haijalipwa. Yule mtu wa mtaani atakupigia simu. Mwambie akutumie nambari yake ya usajili, halafu umtafute.

Wiki ijayo, saa hii hii, tutazungumza juu ya mtoto anayelala na chupa ya maziwa kinywani. Mpaka wakati huo, kwaheri.